Usukani wa juu kwenye Boxer: nyaya zangu zitafika?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Kahama, naendesha Boxer 150. Breki ya mbele ni ya waya, si ya diski. Mimi ni mrefu, na ikifika jioni mgongo na viganja vinauma kwa sababu usukani uko chini sana. Nimepata usukani wa Yamaha DT125 ya zamani kwa jamaa anayeuza spea za mtumba, bado una vishikio vyake vya klachi na breki. Nimeulinganisha na wa kwangu: umepanda zaidi kwa sentimita 7 hivi, na kila upande umetokeza nje sentimita 4. Wenzangu kijiweni wanasema nyaya zitafika, nicheze na adjasta tu. Fundi wa hapa anasema ninunue nyaya zote mpya. Nimsikilize nani? Na vioo vyangu je, vitaingia?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Wa kijiweni wasikusumbue. Fundi wako yuko karibu na ukweli, ila neno "zote" nalitilia shaka. Sijaiona pikipiki yako, lakini kwa vipimo ulivyonitajia, waya wa klachi na wa ekseleta nisingewategemea hata kidogo. Wa breki ya mbele unaweza kuponea, tena usiununue kabla hujaujaribu. Waya wa spidi mita hauhusiki kabisa: unatoka kwenye gurudumu kwenda kwenye mita, haugusi usukani.

Hiyo habari ya adjasta niliiamini na mimi. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilimfungia mteja usukani wa juu. Waya wa ekseleta ukafika kwa taabu, nikauingiza, adjasta nikairudisha ndani mpaka ikagota, nikaona nimemaliza. Nikawasha, sailensi (mlio wa injini bila kuvuta ekseleta) safi. Nikavuta moto, injini ikaitika na kurudi vizuri. Nikapokea pesa. Jamaa akapanda, akafika getini, akakata kona kuingia barabarani, na pikipiki ikajivuta yenyewe bila yeye kugusa ekseleta. Ikaishia kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya. Hakuna aliyeumia. Nyanya nililipa mimi.

Kosa langu lilikuwa kupima nikiwa nimenyoosha usukani. Waya mfupi ukiwa umesimama sawa unakudanganya vizuri sana.

Angalia waya wako wa klachi ulivyo. Kuna ganda la nje, gumu kidogo, na ndani yake unapita uzi wa chuma wenye kichwa kila upande. Ganda limeegemea sehemu mbili: juu kwenye kishikio cha klachi, chini kwenye injini. Ukibana mkono wa klachi, uzi unateleza ndani ya ganda na kuvuta kile kimkono kilicho kwenye injini. Adjasta kazi yake ni kusogeza ganda milimita chache ili uzi uwe na ulegevu unaofaa. Ukifungua yote au ukaifunga yote, umecheza na sentimita moja na kitu. Usukani wako umesogeza kishikio sentimita 7 juu na 4 nje, yaani kwa mstari ulionyooka ni kama 8. Sentimita 8 huzitoi kwenye adjasta.

Kwa hiyo kinachotakiwa kufika ni ganda. Ukirefusha uzi wa ndani peke yake hujafanya kitu, maana ganda ndilo litakalong'oka kwenye kikalio chake ukikata kona. Wenzetu wengi hapa ndipo wanapopotelea: wananunua uzi mrefu, wanaupitisha kwenye ganda la zamani, halafu wanashangaa klachi haiachii hata wakibana mkono.

Sasa kila waya una hofu yake. Wa klachi na wa ekseleta unaogopa kona, kwa sababu juu umefungwa kwenye usukani unaozunguka na chini kwenye injini ambayo haizunguki. Wa breki ya mbele kona haiuogopeshi sana, maana usukani, shokapu na gurudumu vinageuka pamoja. Huo unaogopa shokapu zikinyooka. Pikipiki ikiwa imesimama chini na wewe umeikalia, shokapu za mbele zimezama na waya unaonekana mrefu kabisa, hata umepinda kizembe pembeni ya taa. Ruka tuta, gurudumu likae hewani kidogo, shokapu zinanyooka zote na waya unakazika: breki inajifunga yenyewe kwenye gurudumu la mbele. Sina haja ya kukueleza hiyo inamaanisha nini ukiwa na abiria na gunia la mchele.

Basi fanya hivi. Kabla ya kugusa spana piga picha na simu yako, mbele, kushoto, kulia, uone kila waya unapita wapi: upi uko mbele ya shingo ya fremu, upi nyuma, upi umepita kwenye kile kipete cha chuma karibu na taa. Ukishafungua utajiona unakumbuka, lakini hukumbuki. Tandika kitambaa kizito juu ya tenki, fungua bolti nne za usukani wa zamani, uulaze juu ya kitambaa bila kuchomoa chochote. Weka usukani mpya, ushike na bolti kwa kulegea tu. Halafu hamisha vishikio kimoja kimoja, nyaya zikiwa bado ziko kwenye injini.

Ikitokea waya unafika, usishangilie bado. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, polepole, macho yakiwa kwenye ganda pale linapoingia kwenye kishikio. Likijichomoa hata milimita moja, ni fupi. Bonyeza mkono wa klachi ukiwa umekata kushoto, katikati, na kulia. Ule ulegevu wa mwanzo kabla klachi haijaanza kuvuta unatakiwa ubaki uleule kote: milimita 2 au 3 pale mkono unapokutana na kishikio, ambayo ukipima kwenye ncha ya mkono inakuwa kama milimita 10 hadi 20. Ukiona upande mmoja ulegevu unapotea, klachi yako itakuwa inajifungua nusu kila ukikata kona upande huo. Hutaona kitu siku ya kwanza. Baada ya muda pikipiki inalia sana lakini haiendi, hasa kwenye mlima, unaambiwa pleti za klachi zimekwisha, unanunua pleti, nazo zinaungua tena.

Kwa ekseleta fanya jaribio ambalo sikulifanya siku ile ya nyanya. Weka gia huru, pikipiki iwe kwenye stendi ya katikati, washa, iache ipate moto na sailensi itulie. Geuza usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia na kurudi. Sikiliza. Sailensi ikipanda hata kidogo, waya unavutwa. Hakuna mjadala wala "itazoea". Kisha zima injini, na usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kila upande, vuta ekseleta hadi mwisho uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa kishindo, tak! Ikirudi kwa kujivuta kama mtu aliyechoka, kuna mahali ganda limekunjwa. Ulegevu wake ni mdogo, milimita 2 hadi 6 za kuzungusha kabla kabureta haijaanza kuitika.

Breki ya mbele: kwenye stendi ya katikati mwambie mwenzako akalie nyuma mpaka gurudumu la mbele lining'inie. Lizungushe kwa mkono. Likizunguka bure, tena bure hata ukigeuza usukani huku na huku, umeokoa pesa ya waya mmoja.

Kabla hujakata tamaa na waya uliopungukiwa kidogo, angalia njia yake. Kiwandani nyaya hupitishwa zikizunguka mbele ya taa, na mzunguko huo mara nyingine una sentimita 3 au 4 za akiba. Ukiupitisha waya ndani zaidi, karibu na shingo ya fremu, unaweza kuzipata. Lakini usiukunje kwa pembe kali. Waya unataka kupinda kwa upana kama mpini wa ndoo. Ukiupinda kama kiwiko, uzi unasuguana na ganda, mkono unakuwa mzito, na baada ya muda unaanza kunyofoka nyuzi moja moja pale kwenye kona. Angalia pia usibanwe kati ya shingo na kizuizi cha usukani: kata kona mpaka mwisho, pitisha kidole, uhisi.

Mimi kwa sentimita 2 au 3 za kupanda huwa nabadilisha njia na mara nyingi inatosha. Kwa 8 sijawahi kufanikiwa bila waya mpya.

Kama ni kununua, hapa ndipo watu wanapoteza hela kwa kupima vibaya. Wengi hupima kwa uzi wa kushonea au kamba ya nailoni. Kamba hukata kona, waya haukati. Kamba ikikuambia sentimita 100, waya utahitaji zaidi. Chukua waya mzito wa umeme wa nyumbani, ule mgumu wa shaba, upitishe kwenye njia halisi kuanzia kikalio cha ganda kwenye kishikio hadi kikalio cha ganda kwenye injini, usukani ukiwa umekatwa upande unaovuta zaidi. Ongeza sentimita 2 au 3 za kupumulia. Huo ndio urefu wa ganda jipya. Kisha pima kwenye waya wa zamani kitu cha pili: uzi uliotokeza nje ya ganda, jumla ya pande zote, adjasta zikiwa katikati. Kipimo hicho hakibadiliki. Tuseme ganda lako lina sentimita 95 na uzi uliotokeza ni 11. Jipya linataka ganda la 103 au 105, na uzi uliotokeza ubaki 11 ileile. Ukimwambia muuza duka "nataka waya mrefu wa klachi" atakupa chochote kirefu. Nenda na wa zamani mkononi, linganisha na vichwa vyake: cha juu na cha chini havifanani, na pikipiki mbili zinaweza kuwa na urefu mmoja lakini vichwa tofauti.

Usikubali kuungiwa. Najua kuna mafundi hodari wa kuyeyusha risasi na kutengeneza kichwa kipya barabarani, na kwa kukufikisha nyumbani ni msaada mkubwa. Ila nimeona waya wa breki ya baiskeli umewekwa kwenye klachi ya pikipiki. Uzi wake ni mwembamba, haukutengenezwa kwa springi za klachi, na huwa haukatiki ukiwa umepaki. Waya mpya nao, kabla ya kuufunga, uning'inize wima udondoshee oili nyepesi kwa juu mpaka itokee chini. Dakika kumi tu hizo.

Umeniuliza nyaya, lakini kuna mambo mengine yatakayokukwamisha kabla hujafika kwenye nyaya.

La kwanza ni unene. Usukani wa DT na wa Boxer yote miwili ni ya milimita 22 pale unapobanwa, kwa hiyo hapo uko salama. Nasema hili kwa ajili ya wengine, maana kwenye mtumba siku hizi kuna sukani za milimita 25.4 za yale mapikipiki makubwa ya Kimarekani, na za 28.6 ambazo ni nene katikati na nyembamba kwenye mikono. Huna venia, kile kipimo cha unene? Zungushia kipande cha karatasi pale katikati, weka alama, nyoosha, pima. Ukipata milimita 70 hivi, ni 22. Ukipata 80 ni 25.4, na 90 ni 28.6. Usukani mnene hauingii kwenye vibano vyako, na mwembamba ukiuzungushia bati la kopo ili ubane, utakuja kuzunguka mikononi mwako siku unafunga breki ya ghafla. Usukani wa mtumba uviringishe pia juu ya kioo au meza iliyonyooka, uone kama haujapinda kwa ajali, na kagua kutu ya ndani kwenye ncha. Ule wa DT una fimbo ya kukatiza katikati. Hakikisha haigongi mita wala kava la taa.

La pili ni vijino. Fungua kisanduku cha swichi, kwa ndani utaona kijino kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani ili swichi isizunguke. Matundu ya usukani wa DT hayatakuwa mahali pa Boxer. Wavivu hukata kijino kwa tupa. Upande wa kushoto utasumbuka na honi na indiketa inayozunguka, lakini upande wa ekseleta kisanduku kikizunguka kinavuta waya pamoja nacho, tumerudi kwenye meza ya nyanya. Kaa kwenye siti, weka swichi mahali vidole vyako vinapofika, paka kijino rangi au wino, bana kidogo ili kiache alama, kisha toboa hapo kwa drili, tundu moja dogo linalotosha kijino tu. Usitoboe karibu na kibano cha katikati wala kwenye kona ya bomba, ndipo usukani unapobeba nguvu. Gripu ya upande wa ekseleta iache milimita 2 au 3 kutoka mwisho wa bomba, isisugue, na gundi yoyote isiingie chini yake.

Nyaya za umeme za swichi zina akiba zaidi kuliko unavyofikiri, lakini zimefungwa na vibano vya plastiki. Kata vibano, zisogee. Zikiwa bado fupi, unga kwa kuchomea na uvishe mpira, usizisokote na kuzungushia selotepu. Kona ileile inayovuta klachi inavuta na hizi, na siku moja utakata kulia taa izime.

Wenye breki ya diski mbele, habari yenu ni nyingine. Mpira wa breki haurefushwi, unanunuliwa mrefu, na zile washa za shaba pande mbili za bolti yake zinakuwa mpya, kisha mnatoa hewa na kujaza oili iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta (kile kikopo cha oili ya breki kwenye usukani), DOT 3 au DOT 4. Ikidondokea kwenye tenki, mwageni maji upesi, inakula rangi. Na ukiugeuza usukani nyuma sana, masta inainama na kuvuta hewa.

Ukifika kwenye kukaza, tazama vibano ulivyovikuta. Kama mwanya ulikuwa upande mmoja tu, kwa kawaida nyuma, kaza bolti za mbele mpaka mwisho kwanza, kisha za nyuma. Kama mwanya ulikuwa sawa mbele na nyuma, kaza kwa kupokezana. Spana ya kawaida na mkono mmoja vinatosha, usiongezee bomba: ukikata uzi wa bolti ndani ya kibano cha chini umeingia gharama nyingine. Shuka, simama mbele, gurudumu lishike kwa magoti, sukuma usukani kwa nguvu zako zote. Usisogee. Rudia baada ya siku mbili za kazi.

Vile vishikio vya DT vilivyokuja na usukani vitoe. Vinavutia, najua, vimenyooka na chuma chake kizuri. Lakini umbali kati ya pini ya mkono na tundu la waya haufanani na wa kwako, kwa hiyo klachi itavutwa kidogo kuliko inavyotaka, au itakuwa nzito. Tumia vya Boxer.

Kuhusu vioo: kwa kuwa unatumia vishikio vyako, vinarudi vilevile, ila utavipanga upya kwa sababu kichwa chako sasa kiko wima zaidi. Ukibisha ukafunga vya DT, angalia kabla ya kulazimisha. Kishikio cha kulia cha Yamaha nyingi kina uzi wa kinyume, kioo kinaingia kwa kuzungusha kushoto. Wengi wamekivunja wakidhani kimeshika kutu.